Vijidudu Vinalipa?

 

Jumamosi iliyopita niliamkia Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kutafuta changu wa mchana. Mama ninayenunua kwake alikuwa akipara samaki. Aliponiona aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwa kanga kuukuu, akaniambia: "Kaka, wewe si ndiye yule wa redioni? Basi leo nisaidie mimi. Binti yangu kachaguliwa chuo kikuu, hapo Mlimani, kusoma mikrobiolojia. Nimemwuliza hiyo ni nini, kaniambia ni elimu ya vijidudu. Sasa mimi nina swali moja tu. Vijidudu vinalipa?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, nikalipa samaki wangu, nikamwahidi jibu atalipata hewani. Nilidhani kazi ni ndogo: nitatafuta namba moja, nitaisoma, basi. Nimehangaika nayo wiki nzima, na namba moja haipo. Ukiuliza mtaalamu wa vijidudu analipwa kiasi gani, anayejua kazi hiyo atakurudishia maswali mawili: yuko wapi, na kaajiriwa na nani? Jioni ya leo nataka tuyafuate maswali hayo, maana yamenifikisha mahali ambapo sikutegemea.

Kwanza kazi yenyewe. Mtoto akipata homa isiyosikia dawa, daktari anaagiza damu yake ipelekwe maabara ikaoteshwe. Huko kuna mtu anayeweka damu hiyo kwenye chakula cha bakteria, anaisubiri usiku kucha, asubuhi anatazama kilichoota, anakipa jina, kisha anajaribu dawa moja baada ya nyingine kuona ipi inakiua na ipi imekwisha kuzoeleka. Jibu lake ndilo linalomwambia daktari aandike nini. Huyo ni mtaalamu wa vijidudu. Mwenzake yuko kiwanda cha maziwa akipima kama maziwa yana bakteria kuliko yanavyoruhusiwa. Mwingine yuko mamlaka ya maji, mwingine kiwanda cha bia akitunza hamira, mwingine maabara ya mifugo akitafuta kimeta, mwingine chuo kikuu akifundisha.

Na mama wa Feri asidhani hayo yako mbali na meza yake. Mwanzoni mwa mwaka 1998, Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Mlango haukufunguliwa mpaka katikati ya mwaka. Viwanda vya sangara kando ya Ziwa Victoria vilipata pigo, na wavuvi wakabaki na samaki wasiokuwa na mnunuzi. Leo serikali ina maabara ya kupima ubora wa samaki pale Nyegezi, Mwanza, na kila shehena inayokwenda Ulaya inaongozana na karatasi. Karatasi hiyo ina saini, na nyuma ya saini kuna mtu aliyekesha na vijidudu. Samaki wa ziwani hauziki Ulaya kabla mtu huyo hajasema.

Sasa twende kwenye fedha. Nitaanzia mbali, Marekani, kwa sababu wenzetu wale wana tabia njema ya kuhesabu mishahara na kuitangaza. Kwa takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za Mei 2023, mshahara wa kati wa mwanamikrobiolojia ulikuwa dola 85,470 kwa mwaka. Nasema mshahara wa kati: wapange wote mstari mmoja kuanzia mwenye kidogo hadi mwenye kingi, umshike anayesimama katikati kabisa, huyo ndiye anayelipwa hivyo. Nusu wako chini yake, nusu wako juu yake.

Lakini mstari huo ni mrefu, na nafasi yako ndani yake inategemea sana unapofanyia kazi. Serikali kuu ya Marekani inaajiri wataalamu hawa wengi, nayo ina ngazi za mishahara kama sisi tulivyo na zetu. Chukua ngazi ya 11, ambayo mwenye shahada ya uzamivu anaweza kuanzia. Mwaka 2024 mshahara wa msingi wa mtu anayeanza ngazi hiyo ulikuwa dola 62,107, nchi nzima. Juu yake huongezwa asilimia ya eneo, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Kuna mji mdogo unaitwa Hamilton, katika jimbo la Montana, chini ya milima. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zina maabara yao hapo, maabara yenye historia nzito. Ilizaliwa kutokana na homa ya kupe iliyokuwa ikiua watu wa bonde la huko zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1982 mtafiti wa hapo, Willy Burgdorfer, ndiye aliyetambulisha bakteria wa ugonjwa wa Lyme, na bakteria huyo akapewa jina lake. Ni miongoni mwa maabara chache duniani zenye kiwango cha juu kabisa cha ulinzi, zinazoruhusiwa kushika Ebola. Anayeanza ngazi ya 11 huko Hamilton mwaka 2024 alilipwa dola 72,553.

Mwenzake wa ngazi hiyo hiyo, mwenye cheti kile kile, mwajiri yule yule, lakini kapangiwa makao makuu Bethesda, Maryland, pembeni ya Washington: dola 82,764. Na kama ofisi yake iko kwenye ghuba ya San Francisco: dola 90,310. Kati ya Hamilton na San Francisco kuna tofauti ya dola 17,757 kwa mwaka, na watu hawa wanashika kazi moja.

Mtu wa kawaida atasema, bila shaka ni kwa sababu maisha ya San Francisco ni ghali. Na mimi nilidhani hivyo hivyo. Kumbe sheria ya Marekani ya mwaka 1990 iliyoanzisha nyongeza hiyo haiangalii bei ya nyanya wala kodi ya nyumba. Inaangalia waajiri wengine wa eneo lile wanalipa kiasi gani kwa kazi zinazofanana. Serikali inajiuliza: nisipoongeza, huyu mtu wangu jirani atamnyakua? Na majirani wa San Francisco ni wakali. Kampuni ya Genentech ilianzishwa hapo mwaka 1976, na miaka miwili baadaye wanasayansi wake walikuwa wamekwisha kuifundisha bakteria ya kawaida ya utumbo kutengeneza insulini ya binadamu. Tangu hapo eneo lile limejaa kampuni za dawa zinazogombea watu wale wale. Hamilton wa kugombea ni wachache. Kuna milima, kuna maabara, na kuna kupe.

Ninaomba tulishike hilo, kwa sababu ndilo ninalotaka kulisema leo. Mshahara wa mtaalamu wa vijidudu haumfuati kijidudu. Unawafuata waajiri. Walipojazana waajiri, mshahara hupanda. Alipobaki mwajiri mmoja, mshahara hukaa pale alipouweka yeye, hata kama kazi iliyopo pale ni ya hatari kuliko zote.

Uingereza wamechukua njia nyingine kidogo. Katika huduma yao ya afya ya taifa, mtaalamu wa maabara anayeanza kazi, wa vijidudu akiwemo, huingia daraja la 5. Mwaka wa fedha wa 2024/25, daraja hilo lilianza na pauni 29,970 kwa England yenyewe, ukiacha Scotland ambayo ina viwango vyake. Ukifanya kazi katikati ya London unaongezewa asilimia 20, yaani pauni 5,994. Pembezoni mwa London asilimia 15, na kwenye viunga asilimia 5. Wao wanasema wazi kwamba nyongeza ile ni ya gharama kubwa za maisha. Uliza mtu yeyote aliyepanga chumba London kama pauni hizo zinatosha, atakucheka kama wale wa Feri walivyonicheka mimi.

Turudi kwetu. Kenya wameshona vipande viwili pamoja. Posho ya nyumba ya mtumishi wa umma inategemea mji: Nairobi iko juu peke yake, miji kama Mombasa, Kisumu na Nakuru inafuata, kisha unateremka hadi vijijini. Kwa upande mwingine kuna posho ya mazingira magumu, anayolipwa mtumishi wa sehemu kama Turkana, Mandera, Wajir au Tana River. Kwa hiyo Kenya inamwongeza aliye mjini kwa sababu nyumba ni ghali, na inamwongeza aliye mbali kwa sababu maisha ni magumu. Hesabu ya wapi anapata zaidi wanaijua wenyewe, lakini angalau umbali umepewa jina na umepewa bei.

Uganda nitautaja uamuzi ambao haukuangalia ramani. Uliangalia fani. Katika bajeti iliyoanza Julai 2022, serikali ya Rais Museveni iliamua wanasayansi walio katika utumishi wa umma walipwe zaidi ya wengine. Mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada alipandishwa hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi. Wenzake wa masomo ya sanaa, wanaofundisha chumba cha pili, walibaki palepale, wakagoma kabla hata mwezi Juni haujaisha. Ninautaja mfano huu kwa sababu vijana wengi wanaamini sayansi yenyewe ndiyo inayolipa. Sayansi inalipa pale mwenye fedha anapoamua ilipe.

Na Tanzania? Hapa mama wa Feri asogee karibu na redio.

Tanzania ngazi ya mshahara wa serikali ni moja nchi nzima. Watumishi wa afya wana ngazi zao zinazoanza na herufi TGHS, na ukisoma tangazo la kazi kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira utaiona ngazi hiyo imeandikwa chini kabisa. Hatuna ngazi ya Kinondoni na ngazi ya Kibondo. Wawili walioajiriwa siku moja, cheo kimoja, mmoja hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwingine hospitali ya wilaya mpakani, karatasi zao za mshahara zinafanana.

Mtu atasema huo ndio usawa, na tena aliye mpakani ndiye anayefaidi, maana chumba anachopanga ni nusu ya bei ya Sinza, na mkungu wa ndizi anaununua kwa bei ya kumchekesha mtu wa mjini. Kuna ukweli hapo. Lakini mtumishi yeyote wa nchi hii anajua kwamba mshahara ni sehemu tu ya mapato. Aliye Dar es Salaam akitoka zamu ya asubuhi anaweza kuingia zamu ya jioni hospitali binafsi. Semina zinafanyika mjini, na posho za semina zinalipwa mjini. Mradi wa utafiti ukija unatafuta watu wa karibu. Nafasi ya kusoma zaidi inasikika kwanza kwenye korido za makao makuu. Mke au mume naye anapata kazi. Watoto wanapata shule. Kwa hiyo karatasi mbili za mshahara zinafanana, mifuko miwili haifanani. Marekani tofauti ya mikoa imeandikwa kwenye jedwali, kila mtu anaiona. Kwetu imejificha nje ya mshahara, na kwa sababu imejificha hakuna anayeijadili.

Kabla sijaendelea, nimpe mama hesabu moja, maana tunapenda kusikia mshahara na kusahau makato. Tuchukue milioni moja kwa mwezi, kama mfano wa hesabu tu, si ngazi ya mtu yeyote. Mfuko wa pensheni, asilimia 5, unachukua elfu 50. Bima ya afya, asilimia 3, elfu 30. Kodi ya mapato, ukishaondoa pensheni na kufuata viwango vyake, inafika shilingi 115,500. Kisha ipo Bodi ya Mikopo, kwa aliyesomeshwa kwa mkopo: asilimia 15, yaani laki moja na nusu. Jumla ya makato ni shilingi 345,500. Kinachobaki mkononi ni 654,500. Ndiyo maana vijana wanatuambia mshahara wao ni huu, halafu tarehe 25 wanatuomba nauli. Hawadanganyi. Wametaja wa kwenye karatasi, wanaishi kwa wa mkononi.

Na kwa hesabu hiyo hiyo, zile dola 82,764 za Bethesda msizigeuze shilingi haraka haraka. Kwa shilingi 2,500 kwa dola zinafika milioni 206 na zaidi kwa mwaka, na moyo unaenda mbio. Lakini huyo bwana hanunui changu Feri. Analipa kodi ya nyumba ya Bethesda, ushuru wa Bethesda, na malezi ya mtoto ya Bethesda. Mshahara unahesabiwa sokoni unapotumika.

Sasa nakuja pale ambapo wiki yangu ya kuhangaika ilinifikisha. Nakuja Kagera.

Mwaka 1898 Robert Koch, Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam. Wakati huo watu wa Kiziba, kaskazini mwa Kagera ya leo, walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa mitoki. Daktari wa kikoloni alikwenda kule, akachukua sampuli, zikasafirishwa mpaka pwani, na Koch akazitazama, akasema: hii ni tauni. Wagonjwa walikuwa upande mmoja wa nchi, aliyejua kusoma sampuli zao alikuwa upande wa pili, na kati yao kulikuwa na safari ya miguu ya majuma mengi.

Tumevuka miaka 125. Machi 2023, ugonjwa wa Marburg unatangazwa Kagera, wagonjwa tisa, sita wanafariki. Januari 2025 unarudi, safari hii wilaya ya Biharamulo. Lakini angalieni kilichobadilika. Mara hii sampuli zilipimwa kwanza Kagera kwenyewe, katika maabara tembezi ya Kabaile, halafu ndipo zikathibitishwa Dar es Salaam. Wapo watu waliokuwa pale, wamevaa mavazi ya kinga kwenye joto, wameshika chupa ndogo yenye virusi vinavyoweza kuua nusu ya wanaovipata au zaidi. Mlipuko ule ulihesabiwa kuwa na watu 10, wote walifariki. Haukuvuka kwenda kwingine, na tarehe 13 Machi 2025 ukatangazwa kwisha. Sehemu ya sifa hiyo ni ya jibu lililopatikana karibu na mgonjwa.

Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko huo Dodoma tarehe 20 Januari 2025, mkuu wa Shirika la Afya Duniani akiwa pembeni yake. Siku hiyo hiyo, Washington, Rais Trump aliapishwa, na kabla siku haijaisha alikuwa amesaini karatasi mbili: moja ya kuiondoa Marekani katika Shirika la Afya Duniani, nyingine ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ilipofika Julai mosi mwaka huo, shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limefungwa. Kenya, Uganda, na hapa kwetu, watumishi wa afya waliokuwa wakilipwa na miradi ya fedha zile walirudi nyumbani. Hata Marekani kwenyewe hawakupona: Machi 2025 wizara yao ya afya ilitangaza kupunguza watu 10,000, wakiwemo wa Taasisi za Taifa za Afya zile zile ambazo mishahara yake nimewasomea.

Hapo ndipo penye funzo la mwajiri. Kwa miaka mingi, Afrika Mashariki, kijana wa maabara aliyetaka mshahara mzuri alikimbilia mradi. Mradi ulilipa kuliko serikali, mara nyingi kwa mbali. Lakini mshahara wa mradi una tarehe ya kufa, na tarehe hiyo inaandikwa kwenye nchi nyingine. Wa serikali ni mdogo, ila una pensheni. Mwaka 2025 wengi walijifunza tofauti hiyo ndani ya wiki moja.

Basi tufanyeje? Mimi si mchumi, nasema ninachokiona.

Kwanza, tukubali kwamba maabara ikiwekwa mbali na mji na ikapewa bajeti ya kudumu, wataalamu watakaa. Tunao ushahidi. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara ndogo Ifakara, mahali ambapo mvua ikinyesha barabara ilikuwa hadithi. Leo Ifakara ni jina linalotajwa duniani kote pakizungumzwa malaria. Mwaka 1989 wenzetu wa Kenya, kwa ushirikiano na Waingereza, walianzisha kituo cha utafiti Kilifi, si Nairobi, na watoto wa Kilifi wakapata maabara inayoweza kuotesha damu yao na kujua wanaumwa nini. Sehemu zote mbili zimesomesha wenyeji hadi uzamivu. Wataalamu hawakufuata bahari wala mashamba ya mpunga. Walifuata mwajiri aliyeamua kukaa pale.

Pili, posho. Mei Mosi 2025, pale Singida, tulitangaziwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa serikali kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Ni jambo jema, na limemgusa wa Muhimbili na wa Biharamulo sawasawa. Ninachouliza ni hiki: aliyeko Biharamulo, anayekaa kwenye njia ya popo wanaobeba virusi kama vya Marburg, anayefungua sampuli ya kwanza kabla mtu yeyote hajajua jina la ugonjwa, analipwa nini kwa kuwa pale? Kenya wameweka posho ya mazingira magumu. Sisi tunaweza kuweka ya kwetu, tukaifunga kwenye kituo na si kwenye cheo, ili anayehamia mjini aiache na anayekuja aikute. Hata wakifika watu mia chache kwa nchi nzima, hatutafilisika. Mkono mtupu haulambwi, na tumewalambisha mikono mitupu muda mrefu.

Tatu, vyuo viseme ukweli. Kijana anayesomea mikrobiolojia aambiwe mapema tofauti ya shahada ya sayansi ya vijidudu na shahada ya maabara ya tiba, kwa sababu hospitali inaajiri mwenye usajili wa maabara ya tiba, na asiye nao anaweza kushinda mlangoni na cheti chake kizuri. Wengi wanaligundua hilo baada ya mahafali.

Sasa mama yangu wa Feri, nimekuzungusha dunia nzima, nikurudishe kwenye meza yako.

Swali lako lilikuwa: vijidudu vinalipa? Vinalipa. Havimtajirishi mtu kama wanavyodhani wanaosoma namba za dola kwenye simu, na havimwachi na njaa kama wanavyodhani wanaomcheka. Binti yako akimaliza, asiulize mshahara tu. Aulize mambo manne. Mkataba ni wa kudumu au wa mradi, na mradi unaisha lini? Baada ya makato mkononi kinabaki nini? Nyumba, nauli na shule ya mtoto mahali pale ni kiasi gani? Na la nne, ambalo vijana hawaliulizi: mahali pale pana nani wa kumfundisha zaidi? Maana mwaka wa kwanza analipwa kwa cheti, na miaka inayofuata analipwa kwa alichojifunza kazini.

Na akija siku moja kukuambia kapangiwa Kagera, usilie. Mfungie dagaa na kanga mbili. Ila na wewe, pamoja na mimi na wanaotusikiliza, tumwulize mbunge wetu, tena kabla bajeti haijapita: yule anayekaa kule karibu na kijidudu kwa niaba yetu sote, mmemwongeza shilingi ngapi?